Hiace ya vitabu na betri zake tatu: uzoefu wangu

Siku maktaba yetu iliposukumwa na darasa la tano ndiyo siku nilipoanza kujifunza mambo ya betri. Tulikuwa Dakawa, inakaribia saa kumi jioni, watoto wamesharudisha vitabu. Mzee, dereva wetu, akageuza swichi: tek, tek, tek, kisha kimya. Taa za ndani zilikuwa zimeanza kufifia tangu saa nane na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, ilikuwa inalia piii mfululizo, ila nilikuwa na foleni ya watoto kwenye kompyuta, nikapuuza. Tukashuka wote kusukuma. Mtoto mmoja akaniuliza huku anahema, "Madam, tukiisukuma maktaba, faini zetu zinafutwa?"

Gari lenyewe ni Hiace kuukuu ya dizeli iliyowahi kuwa daladala. Viti viling'olewa, rafu zikafungwa pande zote mbili, juu tukaweka paneli moja ya sola ya wati 200. Tunazunguka shule za Mvomero, mkoani Morogoro, kuanzia Dakawa mpaka Turiani. Ndani kuna kompyuta mpakato tatu, taa nne za LED, feni mbili ndogo na spika. Jumla ni kama wati 200. Gawanya kwa volti 12 unapata karibu ampea 17, na inveta nayo ina ushuru wake, basi hesabu 20. Tukikaa shuleni kwa muda wa saa nne, tumekula Ah 80 (Ah ni ampea mara saa). Betri tuliyokuwa nayo, N70 ya kawaida, ni ya Ah 70 hivi ikiwa mpya, na hiyo hiyo ndiyo iliyotegemewa kuwasha injini. Hesabu hii angeiweza hata yule mtoto wa faini. Sisi watu wazima hatukuwa tumeifanya.

Tuliipeleka kwa fundi umeme wa magari pale Msamvu. Akafungua vifuniko, akamulika ndani kwa tochi ya simu. "Dada, unaona huo weupe? Huo ni ukoko. Hii ni betri ya kuwashia gari, nyinyi mmeipangisha nyumba nzima." Alinifafanulia kwamba betri ya gari ina sahani nyembamba nyingi, zimetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, halafu alternata, ile mashine ya injini inayozalisha umeme, irudishe kilichotoka. Ukiikamua mpaka mwisho mara kwa mara, sahani zinagandwa na salfeti na kumomonyoka. Kwa hiyo siwezi kuipa alama mbaya. Ilikuwa betri nzuri iliyopewa kazi isiyo yake.

Ya pili ilikuwa betri ya sola ya maji, Ah 100, sahani nene. Fundi akaweka rilei, swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe, ili betri ya injini ibaki peke yake, ya maktaba ichajiwe na alternata tukiwa barabarani na paneli tukiwa tumesimama. Hii nilikaa nayo mwaka na nusu, na ndiyo iliyonifundisha adabu.

Kwanza, Ah 100 za betri ya maji si Ah 100 za kutumia. Ukitaka idumu, ishia nusu. Nikanunua mita ndogo, nikaibandika ubavuni mwa rafu ya hadithi. Betri ikiwa imepumzika, volti 12.7 ni kujaa, 12.2 ni nusu, ikifika 11.9 umeshaanza kuiua. Sasa angalia inveta yetu: inalia kwenye volti 11, inajizima 10.5. Yaani mlinzi anapuliza filimbi mwizi akiwa ameshafika nyumbani kwake. Tukapunguza matumizi, kompyuta mbili badala ya tatu, feni saa za joto tu.

Pili, joto. Kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, na betri ya maktaba tuliiweka hapo hapo nyuma ya kiti cha dereva kwa kuwa waya ulikuwa mfupi. Ukigusa sanduku lake mchana unatoa mkono. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10 juu ya kawaida, umri wa betri ya aina hii unakatika karibu nusu. Tukaihamishia nyuma, ndani ya sanduku lenye mpira wa kutolea hewa nje, kwa sababu ikichajiwa inatoa haidrojeni na mimi nina watoto thelathini mle ndani.

Tatu, maji. Kila Jumatatu nilifungua vifuniko. Maji ni yale ya betri yanayouzwa dukani, si ya bomba wala ya kunywa ya chupa, maana yana madini. Wala usiongeze asidi. Kinachopungua ni maji, asidi imebaki humo humo. Na jaza baada ya kuchaji, si kabla, la sivyo yatafurika. Ule unga wa kijani kwenye vichwa vya betri niliusafisha kwa magadi na maji ya moto, vifuniko vikiwa vimebanwa, nikakausha, nikapaka grisi. Magadi hayo hayo ya maharage.

Jambo ambalo hakuna muuzaji aliyenitajia ni mwembe. Tukifika shuleni, kila mwalimu anatuelekeza tupaki chini ya mwembe, na ni haki yake, watoto wanataka kivuli wasome. Lakini paneli ikifunikwa na kivuli cha tawi moja tu, umeme unaanguka vibaya. Kwa muda tulikuwa tunagombana, mimi na Mzee, yeye anataka jua, mimi nataka kivuli. Mwishowe tukaishusha paneli, tukaipa waya wa mita 10, tunailaza juani na kumweka mtoto mmoja kufukuza mbuzi. Cheo chake ni Bwana Jua. Kinagombewa kuliko ukiranja.

Betri hiyo haikuuawa na kazi, iliuawa na likizo. Desemba gari lilikaa wiki tano bila kuguswa, betri ikiwa nusu, inveta imeachwa bila kuzimwa. Tuliporudi ilisoma volti 8. Tulichaji siku mbili, ikakubali, lakini baada ya saa moja ya kazi inaporomoka. Zingatieni hili: kabla ya likizo jaza betri, kisha fungua waya, ukianza na hasi.

Ya tatu ni lithiamu, Ah 100, sasa ina miezi 14. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya sola na mhasibu alinitazama kama nimeomba ndege. Ina kilo 12 hivi, ile ya maji ilikaribia 30. Natumia Ah 80 bila hofu, kompyuta zote tatu zimerudi, Jumatatu yangu haina tena magadi. Kasoro ninazo. Haiwezi kufungwa moja kwa moja kwenye alternata, maana inavuta umeme mwingi mpaka alternata iungue; tukalazimika kununua chaja ya kati, gharama ambayo duka halikuitaja. Halafu haififishi taa kukuonya. Volti zinakaa 13.2 karibu muda wote, kisha inajizima ghafla, giza. Mita yangu ya zamani haina maana, unahitaji ile inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Maelezo yake pia yanakataza kuichaji chini ya nyuzi 0. Labda tukifungua tawi kileleni Kilimanjaro.

Mzee bado haiamini. Kila nikiisifia ananikumbusha Garissa, kule Kenya, ambako mwaka 1996 walianza kupeleka vitabu kwa ngamia. "Ngamia, binti, hana volti."

Betri ya kwanza tuliirudisha dukani tukapunguziwa bei. Ya pili bado iko ofisini, inazuia mlango usijifunge.