Sakafu ya nyumba ya Dar: vigae, terazo, mawe na vinaili, kuanzia bora hadi ya kuepuka

Ukimwambia muuzaji wa Kariakoo au Buguruni kwamba unatafuta marumaru, atakuonyesha vigae. Kwa Dar neno hilo limeshahama: marumaru ni kigae chochote cha sakafuni, hata kama hakijawahi kuwa jiwe. Marumaru yenyewe, jiwe linalochimbwa, likakatwa na kusuguliwa, ni mali nyingine yenye bei yake na masharti yake. Humu tukisema vigae tunamaanisha vilivyochomwa kiwandani, na tukisema mawe ni mawe kweli.

Tumepanga kwa kuangalia mchanga na unyevu kwanza, uzuri baadaye. Mchanga wa Kigamboni, Mbweni au Mbagala unaoingia ndani na kandambili umejaa chembe za kwatzi, ambazo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ziko daraja la 7. Marumaru halisi ni 3. Kila anayepita mlangoni anaisugua sakafu kwa msasa bila kujua. Unyevu nao hutoka chini: jamvi, yaani zege la chini ya sakafu, lililomwagwa bila nailoni nzito chini yake hunyonya maji ya ardhini, hasa masika, na kama zege au plasta ilichanganywa kwa maji ya kisima yenye chumvi, chumvi hiyo hupanda na kutoa unga mweupe kwenye viungo. Sakafu nyingi zinazolaumiwa kuwa "vigae vibovu" ziliharibikia huko chini.

1. Poseleni isiyong'aa

Ndiyo chaguo la kwanza kwa sebule, korido, jiko na baraza. Poseleni ni kigae kilichobanwa na kuchomwa mpaka kikawa karibu hakinywi maji: viwango vya kimataifa vinataka kisinywe zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, wakati kigae cha ukutani huvuka asilimia 10. Hapo dukani unaweza kupima mwenyewe. Geuza kigae, mwagia kijiko cha maji mgongoni, subiri dakika 5. Kwenye poseleni maji hukaa juu na ukifuta yanaondoka. Kwenye kigae cha ukutani yanazama na kuacha doa. Usikubali cha ukutani kiwekwe sakafuni kwa sababu tu rangi imekupendeza. Mguu wa kitanda utakipasua.

Kwa nini isiyong'aa? Poseleni ya kung'aa inapendeza chini ya taa za duka, lakini baada ya mwaka au miwili njia ya kutoka mlangoni hadi kwenye makochi huonekana imefifia, na ikilowa inateleza. Angalia alama ya R kwenye boksi, inayoonyesha kigae kinazuia kuteleza kiasi gani: R9 inatosha chumbani, R10 jikoni na bafuni, R11 barazani na kwenye mteremko wa gari. Kigae chenye rangi iliyopakwa juu huwa pia na alama ya PEI, ya kustahimili kukanyagwa, kuanzia 0 hadi 5. Sebule ya mlango unaofunguka uani isishuke chini ya 4.

Ukubwa wa sm 60 kwa 60 unafaa vyumba vingi. Vya 60 kwa 120 viko kwenye mtindo, ila vinataka sakafu iliyonyooka kwelikweli na fundi mwenye mkono mtulivu. Mara nyingi huwa vimepinda kidogo katikati, na vikipangwa nusu kwa nusu kama tofali kona moja huinuka ikakukwaza. Bafuni shuka hadi 30 kwa 30 au chini ya hapo. Sakafu ya bafu inahitaji mteremko wa sm 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji, na kigae kikubwa hakipindi, kwa hiyo maji hubaki yamesimama pembeni.

2. Seramiki ya sakafuni, 40 kwa 40

Kwa vyumba vya kulala na nyumba ya kupangisha, hiki ndicho kigae chenye akili. Vingi vinatoka viwanda vya hapo jirani mkoani Pwani, Goodwill ya Mkuranga na Twyford ya Chalinze, na vipimo vyake vya kawaida huendelea kupatikana. Kinapozidiwa na poseleni ni kwenye kona: kikigongwa na sufuria, rangi ya juu humeguka na udongo wa ndani wa rangi nyingine huonekana kama kidonda.

3. Terazo

Watu wameiacha kwa sababu inawakumbusha korido za shule na hospitali. Korido hizo hizo ndizo ushahidi wake: zimekanyagwa miongo kadhaa na bado zinadekika. Terazo ni kokoto ndogo za mawe zilizochanganywa na saruji, zikamwagwa unene wa milimita 12 hadi 15 juu ya tabaka la saruji na mchanga, kisha zikasagwa kwa mashine. Ikififia inasagwa upya, jambo ambalo kigae hakiwezi.

Ubaya wake uko kwenye kazi. Sakafu igawanywe kwa vipande vya shaba, alumini au plastiki kila baada ya mita 1 hadi 1.5, la sivyo itapasuka inapotaka yenyewe. Ilowekwe maji siku kadhaa kabla ya kusagwa, isagwe kwa jiwe la kukwaruza kisha laini na laini zaidi. Uji wa kijivu unaotoka kwenye mashine usimwagwe kwenye bomba la maji machafu. Huganda humo kama zege. Fanya terazo kabla ya kupaka rangi kuta na kabla ya kuhamia. Ukishahamia, isahau.

4. Itale

Itale, au graniti, tunaiweka ya nne kwa sababu ya bei na uzito tu. Kwa ngazi, kizingiti na baraza haina mpinzani. Chagua uso uliochomwa moto au uliokwaruzwa kwa nje. Unaong'aa ubaki juu ya meza ya jikoni. Kabla ya kulipa weka tone la limau kwenye kipande cha jiwe. Likitoa povu, au likiacha alama butu baada ya dakika kadhaa, hiyo si itale bali ni jiwe la chokaa au marumaru. Kisha weka tone la maji: kama jiwe limegeuka jeusi ndani ya dakika 10, litahitaji dawa ya kuziba vinyweleo kabla halijaonja mafuta ya kupikia.

5. Vinaili ngumu ya kupachika

Hii ni mbao bandia inayouzwa kwa jina la SPC: unga wa mawe na plastiki, milimita 4 hadi 6, yenye meno ya kupachikana bila gundi. Inafaa ghorofani, chumba cha watoto, ofisi ya nyumbani, na hasa pale ambapo hutaki kubomoa vigae vya zamani. Tazama tabaka la juu la kukinga mikwaruzo: milimita 0.3 kwa chumba cha kulala, 0.5 kwa sebule. Sakafu ya chini isipishane zaidi ya milimita 3 kwa urefu wa mita 2, vinginevyo meno huvunjika. Acha nafasi ya milimita 8 hadi 10 ukutani, na maboksi yakae chumbani siku 2 kabla ya kufungwa.

Muuzaji atakuambia haiingii maji. Ni kweli kwa ubao wenyewe. Maji yakipita pembeni yanakaa chini yake na kunuka, kwa hiyo nyumba za bondeni zinazoingiwa na mafuriko zisiiguse. Karibu na mlango wa kioo unaopigwa jua la mchana itatanuka na kubinuka.

6. Kapeti la plastiki la mita na vigae vya kubandika

Kwa chumba cha kupanga, sawa. Kapeti la plastiki ukihama unalikunja unaondoka nalo. Vya kubandika jaribu kwanza: gundisha kipande cha nailoni cha sm 60 kwa 60 sakafuni kwa selotepu pande zote, kiache siku nzima. Ukikuta umande chini yake, gundi haitashika.

7. Marumaru halisi

Ya mwisho kwetu, kwa nyumba ya kuishi. Limau, siki, soda na dawa ya choo vyote huila, na mchanga tulishausema. Anayeitaka aiweke ukutani.

Hesabu ifanyike nyumbani

Chukua chumba cha mita 3.6 kwa 4.2. Eneo ni mita za mraba 15.12. Ongeza asilimia 10 ya vya kukatwa na kuvunjika (15 kama vitapangwa kimshazari), inakuwa 16.6. Kigae cha 60 kwa 60 kina mita za mraba 0.36, kwa hiyo unahitaji 47. Skatingi, yaani vipande vya chini ya ukuta, ya sm 10 kuzunguka chumba, ukitoa mlango wa sm 90, ni mita 14.7, kigae kimoja kinatoa vipande 5 salama, yaani mita 3, hivyo ongeza vigae 5. Jumla 52. Boksi la vigae 4 lina mita za mraba 1.44: maboksi 13, na moja la akiba, 14. Gundi ya vigae hula kama kilo 5 kwa mita ya mraba, kwa hiyo mifuko 4 ya kilo 25. Grauti, ile ya kujazia viungo kati ya vigae, kilo 3 zinatosha kwa kiungo cha milimita 3.

Boksi moja la poseleni hukaribia kilo 30, kwa hiyo 14 ni zaidi ya kilo 400. Mwambie mapema dereva wa kirikuu, na maboksi yasimame kwa ubavu, yasilazwe.

Bei iulize kwa mita ya mraba. Tuseme boksi moja ni 27,000 na jingine 30,000. La kwanza lina mita 1.44, la pili 1.92. La "rahisi" ni 18,750 kwa mita; la "ghali" ni 15,625. Wengi huondoka na la kwanza.

Dukani linganisha namba za rangi na namba za kipimo zilizogongwa kwenye kila boksi. Ziwe sawa zote, maana vigae vya jina moja vilivyochomwa siku tofauti hupishana rangi, na tofauti hiyo huonekana vizuri zaidi ukishamaliza kuvifunga. Weka vigae viwili uso kwa uso: vikicheza kama mtumbwi, vimepinda. Andika namba hizo kwenye risiti, na mkubaliane kabla ya kulipa kama maboksi yasiyofunguliwa yatarudishwa, kwa sababu lile bango la "mali ikiuzwa hairudishwi" huwa limetundikwa pale kwa ajili yako.

Kumsimamia fundi

Poseleni haishiki kwenye saruji na mchanga wa kawaida. Hainywi maji, na saruji haina pa kuuma. Fundi aliyezoea seramiki ataloweka vigae kwenye ndoo na kubandika kwa madonge matano, manne kwenye kona na moja katikati. Huko ndiko inakotoka ile sauti ya "ko ko" ukitembea, na ndiko kigae kinakopasukia. Dai gundi ya mfuko na mwiko wa meno ya milimita 10, mistari ya gundi ielekee upande mmoja, kigae kipigwe kwa nyundo ya mpira. Cha tatu au cha nne kibandue utazame mgongo: gundi iwe imeenea karibu kote.

Viungo viwe milimita 2 au 3 kwa misalaba ya plastiki. Usikubali vibanane bila nafasi. Ukutani iachwe milimita 8, ifunikwe na skatingi, isijazwe saruji. Joto la Januari na Februari hutanua vigae, na visipopata pa kwenda vinainuka katikati ya sebule kama paa, kwa mlio unaoweza kudhania mtu amevunja mlango. Grauti isubiri saa 24, na maji ya kuchanganyia yasiwe ya chumvi.

Matunzo

Fagia kwanza, kisha deki. Kudeki juu ya mchanga ni kusugua. Weka zulia la kukung'utia miguu nje na jingine ndani. Kwa vinaili lisiwe lenye mpira chini, maana mpira huacha doa la kahawia lisilotoka. Vinaili vilevile haitaki mafuta ya taa, ule mtindo wa zamani wa kung'arisha sakafu za saruji.

Utando mweupe unaobaki baada ya grauti ufutwe kwa siki iliyochanganywa na maji mara 10, baada ya siku 10, kwenye vigae tu, kamwe si kwenye marumaru wala terazo. Viungo vilivyoota ukungu bafuni vipake jiki, kipimo 1 kwa maji 10, dakika 10, dirisha wazi, kisha suuza. Usiichanganye na dawa ya choo yenye tindikali. Hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Kigae kikipasuka, kata grauti pande zote nne kwanza kwa grenda, ndipo ukivunje kuanzia katikati kwenda nje. Ukianzia ukingoni utakitoa hicho pamoja na jirani yake, na boksi lako la akiba lina vinne tu.