Uzoefu wangu na kichujio cha pumzi cha shingoni, hapa Pemba

Ukitobolewa shingo kwa muda baada ya upasuaji wa saratani ya koo, usikubali kurudi nyumbani na bomba tupu la kupumulia. Ulizia kichujio cha joto na unyevu. Mimi nilikitumia mpaka nilipotolewa bomba, na nakisifu kwa moyo wote.

Saratani yangu iligunduliwa mapema, ikiwa bado kwenye uzi mmoja wa sauti, kwa hiyo madaktari Dar es Salaam walikata sehemu tu ya kikoromeo. Koo likikatwa huvimba, ndiyo maana wakanifungulia njia ya hewa chini yake. Hewa iliingia tele, lakini kavu. Kazi ya kuipasha joto, kuitia unyevu na kuichuja vumbi ni ya pua, na yangu ilikuwa haipitishi kitu. Makohozi yakawa mazito, yakaganda bombani, usiku nakohoa nyumba nzima inaamka. Na kaskazi imeshaingia, karafuu zimeanikwa majamvini hadi mlangoni.

Kifaa chenyewe ni kidogo, hupachikwa mdomoni mwa bomba. Ndani mna sponji: ukitoa pumzi inanasa joto na mvuke, ukivuta hewa inapita humo humo na kuvirudisha kifuani. Siku za mwanzo kuvuta pumzi ni kuzito kidogo, usikate tamaa. Makohozi yangu yalilainika, nikawa nakohoa mara moja yakatoka, na alhamdulillahi nikalala.

Hubadilishwa kila baada ya saa 24, au mapema zaidi kikichafuka. Najua bei yake inauma na mtu atatamani kukiosha. Tafadhali usikioshe! Sponji iliyolowa inaziba pumzi, na haishiki unyevu tena kama mwanzo. Ukivuta dawa kwa mashine ya mvuke, kivue kwanza.

Ubaya wake ni kupatikana. Chake Chake wala Wete sikukiona duka lolote la dawa, ikabidi mwanangu awe ananitumia kwa boti. Vilipokwisha nilifunika tundu kwa kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa. Vumbi kinazuia, ila kinakauka upesi mno.

Kuondoa bomba ni kazi ya hospitali. Waliniwekea jembamba zaidi, kisha wakaliziba kwa kizibo wakinipima oksijeni mchana na usiku, huku nikipumua kwa pua na mdomo. Hapo kichujio hakina kazi tena. Baada ya kulitoa, tundu lilifunikwa kwa bandeji, nami nikilibana kwa kidole kila nikitaka kusema au kukohoa, hadi likajifunga lenyewe. Sasa napanda kilima kwenda kwenye mikarafuu yangu bila kusimama njiani.

Kabla hujapanda boti kurudi Pemba, nunua vichujio vya kutosha, na vijaribu hapo hapo mbele ya nesi. Vingi vimetengenezewa mdomo wa milimita 15, na mabomba mengine ya chuma hayana mdomo huo.