Sauti ya baba ilitoka kinywani mwa shemeji: uzoefu wangu na studio moja ya video za harusi Tanga

Msiende. Nilitaka kuandika neno hilo moja niishie hapo, maana tangu juzi nilipoitazama tena ile video ya mwanzo damu inanichemka. Dada yangu mkubwa ndiye aliyenizuia: "Ukisema msiende bila kusema kwa nini, watu watadhani mmegombana." Haya, naeleza.

Studio siitaji jina. Iko Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zetu za namba, na wanaoisifu ni wengi. Walikuja kuturekodia nikaha ya mdogo wetu wa kike, mwaka juzi au mwaka wa kabla yake, baada ya mfungo. Bei sina ugomvi nayo, wala kamera zao. Vijana walifika mapema, wamevaa kanzu na kofia, wakakaa pembeni kwa adabu, hawakumkera mtu msikitini. Hayo nawashukuru.

Ugomvi wangu uko dakika ya hamsini.

Aliyeozesha siku ile ni baba mwenyewe. Baba alikuwa maalim, kafundisha madrasa mpaka wanafunzi wake wa kwanza wakamletea wajukuu zao, na alisema binti yake haozeshwi na mtu mwingine ilhali yeye yu hai. Ikasomwa Kurani, ikafuata hotuba, ndefu kama ada yake, kisha akamshika mkono bwana harusi akamuozesha. Miezi michache baadaye baba akafariki. Picha zake tunazo nyingi. Lakini sauti yake, namna alivyozungumza kwa vituo, na kile kikohozi chake kidogo kabla ya neno zito, vimo mle tu, kwenye ile flashi ya harusi.

Mpaka hapo tulikuwa tumetazama vipande vya ukumbini tu, ngoma na keki. Arubaini ilipokwisha ndipo tukakaa nyumba nzima kutazama nikaha. Mwanzo safi kabisa. Baba anagonga kipaza sauti kwa ukucha mara mbili, tk tk, kama alivyofanya maisha yake yote kabla ya kuzungumza, na mama akatabasamu. Baada ya robo saa nikaanza kuhisi kitu hakijakaa vizuri, kama zile filamu za nje zilizotiwa maneno ya Kiswahili. Nikanyamaza, nikadhani ni macho yangu.

Ikafika nikaha yenyewe. Baba kashika mkono wa shemeji. Midomo ya baba imetulia, keshamaliza. Kamera inahamia kwa shemeji, shemeji anafungua kinywa, na kinachotoka ni sauti ya baba: "...binti yangu, kwa mahari mliyokubaliana." Shemeji anafunga mdomo, anameza mate, anatazama chini. Hapo ndipo sauti yake inafika: "Nimekubali." Mdomo wake umetulia tuli.

Mama akasema, "Zima." Hakusema lingine, akainuka akaenda jikoni.

Kesho yake asubuhi nikawa wa kwanza kufika studio. Mwenyewe alikuwepo, kainamia simu yake. Nikamweleza polepole, kwa heshima, kwamba mwisho wa video sauti inachelewa. Hakuinua hata uso. "Itakuwa TV yenu hiyo, kaka. Hizi TV bapa zinachelewesha sauti." Nikamwambia kama ni TV ingechelewesha tangu mwanzo, na mwanzo uko sawa. Akavuta kompyuta, akafungua dakika ya kwanza. Ukucha wa baba unagusa, tk tk inasikika papo hapo. "Unaona? Sawasawa kabisa." Nikamwomba asogeze mpaka dakika ya hamsini. "Kaka, nina kazi za watu hapa. Mwanzo ukikaa, mwisho unakaa. Ndivyo kompyuta inavyofanya."

Nikasimama palepale, siondoki. Mwishowe akasogeza. Akaona alichokiona, nami nilikuwa namtazama usoni alipokiona. Basi badala ya kusema nimekosea, unajua alisema nini? "Kwani nani anaangalia midomo? Watu wa harusi wanaangalia nguo."

Nikamwambia, "Huyo ni baba yangu, na hayupo tena duniani." Akasema poleni. Alisema, nisimsingizie. Halafu bila kuvuta pumzi akaongeza kwamba kurekebisha ni kazi mpya, na kazi mpya ina bei mpya.

Nimefanya biashara, najua mteja naye huwa na makosa yake. Lakini kuambiwa hakuna anayeangalia midomo ya baba yangu! Mimi naiangalia. Mama anaiangalia. Wanafunzi wake waliosoma juzuu amma kwa kuifuata midomo ile, herufi kwa herufi, wote wanaiangalia.

Sikulipa. Nilidai faili ghafi, yaani zile za awali kabla ya kuhaririwa, za kamera na za sauti, na baada ya maneno mengi akanipa kwenye flashi niliyonunua mwenyewe duka la jirani. Hili liwaingie: mkikodi mtu yeyote, patanisheni faili ghafi siku ya kulipa arbuni. Bila zile faili leo tungekuwa tunalia tu.

Mpwa wangu alisoma TaSUBa, kile chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na kazi zake ni hizihizi za sauti na picha. Alipokuja Tanga nikampa flashi. Kwenye kompyuta yake, kwa mpangilio uleule wa studio, akaziweka sauti mbili moja juu ya nyingine: ya kamera yenyewe, na ya kinasa sauti kidogo alichovalishwa baba, chenye maiki ya shingoni. Kila sauti inachora mawimbi yake, kama safu ya milima. "Mjomba, tazama hapa." Ile tk tk ya mwanzo ilikuwa vilele viwili vyembamba, juu na chini vimelingana. Waigizaji hupigiwa kibao au makofi mbele ya kamera ili kupata kilele kama hicho cha kulinganishia. Msikitini nani apige makofi? Baba, bila kujua, alikuwa kawapa alama kwa ukucha wake.

Na aliwapa mbili. Kabla ya kuozesha, kipaza sauti kilikuwa kimepita kwa shehe mwingine, kiliporudi baba akakigonga tena. Mpwa wangu akasogeza mpaka pale. Kilele cha kamera kilikuwa mbele, cha maiki ya shingoni kiko nyuma, na kati yao pengo la sekunde tatu. Sekunde tatu! Viwango vya kimataifa vya utangazaji vinasema mtazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45, au ikichelewa kwa 125, na milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kuchelewa tunakuvumilia zaidi kwa sababu ndivyo dunia ilivyo: simama ufukweni Raskazone umtazame fundi wa mashua kwa mbali, nyundo inakuwa imeshainuka ndipo mlio unakufikia. Lakini hapa pengo lilizidi kiwango hicho zaidi ya mara ishirini.

Sababu yake ndiyo iliyonitia hasira upya, kwa udogo wake. Video ni picha tuli zinazofuatana haraka. Menyu ya kamera ile imeandikwa picha 24 kwa sekunde, na kwa kweli inachukua 23.976. Ni urithi wa televisheni ya Marekani: mwaka 1953 walipoingiza rangi walishusha kasi kutoka picha 30 hadi 29.97 ili rangi ipate nafasi bila kuzitupa TV za zamani, na hesabu za sinema zikaifuata hiyo. Sisi huku hatuhusiki hata kidogo, televisheni zetu zimekwenda kwa 25 tangu zamani. Mtu pale studio aliiamuru kompyuta isome zile picha kama 24 kamili. Picha zikakimbia kwa sehemu moja katika elfu, sauti ya shingoni ikabaki na mwendo wake. Kwa saa moja ni sekunde 3.6, kwa dakika hamsini ni tatu kamili. Ukitazama mwanzo tu huoni kitu, na yeye ndicho alichofanya, siku ya kuhariri na siku ile mbele yangu.

Dawa yake ilikuwa namba moja. Mpwa wangu aliiambia programu mwendo halisi wa kamera, akavuta sauti mpaka tk tk ya kwanza ikakaa, na ya pili ikakaa yenyewe. Alitumia DaVinci Resolve ile isiyolipiwa. Kisha akafanya jambo ambalo studio haikulifanya: akavaa spika za masikioni akasikiliza mwanzo, katikati na mwisho. Chai niliyomwekea haikuwa imepoa.

Sasa hapa ndipo moyo wangu unapogawanyika, na nisipoandika hili nitakuwa nimedhulumu.

Mpwa wangu alinisikilizisha sauti ya kamera peke yake. Ni mwangwi wa kuta na feni za msikitini, baba yuko mbali kama mtu aliye kisimani. Halafu akanisikilizisha ya shingoni. Wallahi nilishika meza. Pumzi yake unaisikia. Kanzu inasuguana na maiki anapogeuka. Kile kikohozi, kisha kimya kidogo, kisha "Nimekuozesha". Yuko karibu kuliko nilivyokuwa mimi siku ile, nikiwa safu ya tatu.

Na aliyeiweka maiki ile ni yuleyule mwenye studio. Nimeikumbuka siku hiyo vizuri: alivua viatu, akaenda mbele, akapiga magoti kwa baba akamwambia, "Maalim, naomba nikuwekee hiki kwenye shingo ya kanzu, sauti yako isipotee." Hatukumwomba. Mwingine angetuachia mwangwi wa kamera, ukakaa sawa na midomo tangu mwanzo hadi mwisho, nasi tusingejua tulichokosa.

Kwa hiyo ile nyota moja niliyokuwa nimempa nimeifuta. Kwa kurekodi sauti namwekea tano, na sijui mwingine Tanga niliyemwona akifanya hivyo. Kwa kuhariri, na kwa ulimi wake, simwekei hata moja. Ndiyo maana hasira haiishi: mtu aliyejua sauti ya mzee isipotee amewezaje kushindwa kukaa saa moja aisikilize? Mali ile aliishika mkononi akaidondosha kwa uvivu.

Mama aliitazama video iliyorekebishwa mpaka mwisho. Ilipofika "Nimekubali" aliitikia "alhamdulillahi" kama yuko palepale msikitini, akaomba irudishwe, tukairudisha mara tatu.

Mdogo wetu wa mwisho naye anaoa, kama mambo yatakwenda vizuri, kabla ya mfungo ujao. Nikaanza kuulizia studio nyingine, hata za Muheza. Mama akanikatiza: "Mleteni yule aliyemvalisha baba yenu maiki." Nikamkumbusha maneno aliyonijibu. Akasema, "Nimesikia. Mleteni."

Nimempigia simu wiki hii. Nimemwambia kosa lilikuwa wapi, ile 24 na ile 23.976, na nimemwambia arbuni nitalipa lakini siku ya kuchukua kazi nakuja na mama, tunakaa wote watatu mbele ya kompyuta yake, na tunaanza kutazama kuanzia dakika ya hamsini. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Njooni."