Mabinti wanaochimbiana shimo: riwaya ipi ununue kwanza, Arusha na Moshi

Jalada lenye sura ya msichana nusu gizani lisikutoe hela. Nyingi ya riwaya hizi za Kiingereza za vijana, zenye wasichana wanaoshindana, ni za upelelezi tu: amekufa mtu, atafutwe muuaji, basi. Kama unataka ushindani wenyewe ndio ulete balaa, soma maelezo ya nyuma ukitafuta nafasi moja inayogombewa na wengi. Isipotajwa, rudisha kitabu mezani.

Inayoongoza ni Tiny Pretty Things (2015) ya Sona Charaipotra na Dhonielle Clayton. Ni shule ya baleti (dansi ya jukwaani) New York, na wasimulizi ni watatu: Gigi, mgeni mwenye kipaji na moyo mgonjwa; Bette, aliyekulia kwenye kivuli cha dada yake; na June, anayejitapisha ili abaki mwembamba. Wanapokezana kusimulia, kwa hiyo yule uliyemlaani sura iliyopita unajikuta unamhurumia. Hapo ndipo inapowaacha wengine mbali. Anayejifunza Kiingereza asihofu, kwani jina la msimulizi linatajwa mwanzoni mwa sura. Kasoro yake ni kwamba inakatikia njiani. Mwendelezo ni Shiny Broken Pieces (2016). Ukiukuta huo peke yake kwenye mtumba, subiri hadi upate cha kwanza.

Mwenye hela ya kitabu kimoja achukue The Grace Year (2019) ya Kim Liggett, inayojitosheleza. Wasichana wa miaka 16 wanapelekwa porini mwaka mzima, na hatari kubwa si wawindaji wa nje peke yao. Damu ipo ya kutosha.

Ya tatu, Dare Me (2012) ya Megan Abbott: timu ya wasichana wanaoshangilia michezo kwa sarakasi (cheerleaders), nahodha Beth, kocha mpya, na Addy katikati yao. Iulizie kwenye rafu ya watu wazima. Ina akili kuliko zote hapa, ila Kiingereza chake ni cha mafumbo.

Foul Is Fair (2020) ya Hannah Capin ni Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, upya. Waliosoma Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi, wataitambua mapema. Inaanza na ubakaji na maadui ni wavulana, kwa hiyo usimnunulie mtoto wa miaka 13. The Cheerleaders (2018) ya Kara Thomas ni upelelezi. Iache.

Ukiagiza Dar, mwombe muuzaji picha tatu kabla ya kulipa: mbele, nyuma na ukurasa wa haki za mwandishi. Namba ya ISBN, yaani ya utambulisho wa kitabu, ina tarakimu 13. Ya nyuma ilingane na ya ndani. Maandishi yaliyopinda, pambizo zisizolingana na wino uliofifia ni dalili za kopi ya kurudufu, na gundi yake huachia kurasa mapema. Kitabu kifungwe nailoni kabla ya kupakiwa kwenye basi, hasa masika, nawe utumiwe picha ya stakabadhi ya mzigo ili usibishane na karani stendi.

Kwenye meza za mtumba, fungua katikati na unuse. Harufu ya ukungu haitoki, na itahamia vitabu vingine kabatini. Kisha hesabu kurasa za mwisho. Hizo ndizo huchanika kwanza.

Mwenye simu apakue kwanza sampuli ya bure ya Kindle, programu ya Amazon ya kusomea vitabu. Kurasa zake chache zinatosha kujua kama lugha utaimudu.