Jenereta za jeshi la Marekani kwenye minada: ipi ununue, ipi uiache

Februari 2021 baridi iliangusha umeme wa Texas. Julai 2024 kimbunga Beryl kikapita Houston na kuwaacha wateja zaidi ya milioni 2 gizani, wengine kwa siku nyingi. Tangu hapo, watu wetu wanaoishi kule, wawe wa Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania, wana sababu nzuri ya kutafuta kitu kigumu kuliko kijenereta cha petroli cha dukani. Njia mojawapo ni jenereta za jeshi zilizostaafu. Jeshi linahamia kizazi kipya kinachoitwa AMMPS, kinachotengenezwa na Cummins, na zile za miaka ya 1990 zinazojulikana kama TQG zinapigwa mnada mtandaoni, hasa kupitia tovuti ya GovPlanet. Ni za dizeli, nyingi huzunguka mara 1800 kwa dakika badala ya 3600, na zimefunikwa boksi la kupunguza kelele.

Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huangalia kilowati kwanza na kuchukua kubwa kuliko zote. Mimi nasema anza na bati lenye namba, kisha mzigo wa nyumba yako, kilowati zije baadaye.

Kwenye bati tafuta neno Hz, yaani hezi, idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Modeli za MEP-802A na MEP-803A ni za hezi 60, sawa na umeme wa nyumba za Marekani. MEP-812A na MEP-813A zina sura ileile, rangi ileile, injini ileile, ila zinatoa hezi 400, umeme wa vifaa maalumu vya kijeshi. Friji yako haitafanya kazi kwa umeme huo, wala pampu. Picha za mnada hazitakuonyesha tofauti. Kama bati halisomeki, usiweke dau.

Ya kwanza: MEP-803A

Kilowati 10, injini ya Lister Petter LPW4, silinda nne, inapozwa kwa maji. Aliyekulia karibu na mashine ya kusaga analijua jina la Lister. Hii si ile ya kizamani yenye gurudumu kubwa, lakini ina sifa zilezile za ukoo: gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini) ya kimakanika, hakuna kompyuta, na fundi wa dizeli wa kawaida anaielewa. Swichi moja inakuchagulia volti 120, 120/240 au 120/208 ya fezi tatu. Kwenye 240 unapata karibu ampea 52, zinazotosha friji, friza, pampu ya kisima, feni ya kupashia nyumba joto na kiyoyozi cha wastani. Mzigo ukiwa kamili hunywa chini kidogo ya lita 4 kwa saa. Uzito unazidi nusu tani, kwa hiyo panga folklifti kabla ya kulipa.

Ina magonjwa yake, na yajue mapema. Kila silinda ina pampu yake ndogo ya dizeli, na jenereta ikikaa miaka bila kuwashwa, reki za pampu hizo, vijiti vinavyopima kiasi cha dizeli, hukwama. Ukiona injini inazungushwa na starta lakini hakuna hata moshi kwenye ekzosi, anzia hapo. Fungua, nyunyizia mafuta ya kulainisha kutu, sukuma reki taratibu kwa kidole mpaka zitembee zenyewe. Usigonge kwa nyundo. Reki ikikwama upande wa wazi, injini inaweza kukimbia bila breki, hivyo hakikisha mkono wa kuzimia unafanya kazi kabla ya kuwasha mara ya kwanza.

Kisa kingine ni injini kuwaka vizuri lakini bila volti. Mara nyingi mwenyewe ameachia swichi mapema. Swichi kuu hushikiliwa kwenye START mpaka shinikizo la oili lifike angalau psi 25 na volti zipande. Ni wakati huo ndipo sehemu ya kuzalisha umeme huamshwa sumaku yake. Ukishikilia vya kutosha na bado hakuna kitu, pima koili ndogo inayolisha AVR (kidhibiti cha volti), iliyo ndani ya steta, sehemu isiyozunguka ya kuzalisha umeme. AVR ni spea unayobadilisha jioni moja, koili ikiungua ni kusuka steta upya. Muuzaji akiandika "inawaka, haitoi umeme", piga hesabu ukichukulia ni ubaya wa pili.

Na kuna swichi imeandikwa BATTLE SHORT. Kazi yake ni kunyamazisha kinga nyingi ili injini iendelee hata oili ikiisha au joto likipanda. Vitani ina maana yake. Nyumbani ifunike na uisahau.

Ya pili: MEP-802A

Ni mdogo wa 803A: kilowati 5, LPW2 ya silinda mbili, swichi zilezile, magonjwa yaleyale. Kwa nyumba isiyo na kiyoyozi kikubwa naipenda hata kuliko kaka yake, kwa sababu itafanya kazi ikiwa na mzigo wa kutosha. Dizeli inayochezea chini ya theluthi ya uwezo wake kwa saa nyingi haipati joto la kuchoma mafuta yote. Masizi na dizeli mbichi hujaa kwenye ekzosi, inaanza kutoa majimaji meusi. Ukinunua iliyo katika hali hiyo, ipe mzigo wa asilimia 75 au zaidi kwa saa kadhaa, kwa mfano kwa vyuma vya hita ya maji, mpaka moshi usafike.

Ya tatu, na ya kwanza kwa anayesafirisha nyumbani Afrika: MEP-804A

Hapa wengi hupotea. Kupeleka 803A Arusha au Kisumu ni kupeleka hezi 60 mahali pa hezi 50: mota na pampu zitazunguka haraka kwa asilimia 20, na volti zake 240 zinapatikana kati ya nyaya mbili za moto, si moto na nyutro kama tulivyozoea. MEP-804A, kilowati 15, ina uchaguzi wa hezi 50 au 60 na inaweza kuungwa kutoa 240/416 ya fezi tatu, ambayo inafaa mfumo wetu. Ukiitumia kwenye 50, tegemea nguvu kushuka. Injini yake ni Isuzu C240, iliyotumika sana kwenye folklifti, kwa hiyo spea si za kuagiza kwa maombi. Toleo la B lina injini ya Yanmar. Udhaifu wake ni gavana ya kielektroniki, ghali kuliko ya kimakanika. Vifaa vya jeshi vina masharti ya kutoka Marekani; uliza mnada kwa maandishi kabla ya dau.

Zinazobaki

MEP-002A na MEP-003A, kilowati 5 na 10, ni za zamani zaidi, Onan zinazopozwa kwa hewa. Ni ngumu lakini zina kelele. Zinafaa shamba, si mtaa wenye majirani. MEP-831A ya kilowati 3 ni nyepesi, lakini nguvu yake ni ndogo. MEP-805A na MEP-806A, kilowati 30 na 60 za John Deere, ni mashine nzuri sana kwa mwenye kiwanda, na hasara tupu kwa mwenye nyumba.

Kabla na baada ya kulipa

Usiamini mita ya saa. Nyingine hubadilishwa jenereta inapofanyiwa ukarabati. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Tumia swichi ya DEAD CRANK kuizungusha bila kuiwasha, na usikilize kama mapigo yanalingana. Kwenye bei ya mnada ongeza ada ya mnada, usafiri, filta na betri mbili za volti 12, kwani mfumo wake ni wa 24. Tangi likiwa na mafuta ya zamani ya jeshi, yamwage.

Nyumbani iunge kupitia chenjiova iliyofungwa na fundi mwenye leseni, maana umeme ukirudi kwenye nguzo unaweza kumuua anayetengeneza laini. Iweke nje, mbali na madirisha. Gereji iliyofunguliwa mlango si nje.