Kosta ya Lindi–Mtwara: dereva anajua kuingia barabarani

Nimepanda hii kosta mara tatu mwezi huu, siti zimechoka na konda anajaza watu hadi mlangoni, hilo silipendi kabisa, ila dereva jamani nampa nyota zote. Pale njia panda ya Mnazi Mmoja, barabara ya Masasi inapokutana na za Lindi na Mtwara, msimu wa korosho malori yanafuatana mkia kwa mkia, ukichomekea tu umekwisha. Yeye akasimama kabisa, mguu kwenye breki, konda kashuka anachungulia nyuma ya lori, abiria wanapiga kelele "twende bwana!", kimya, mpaka nafasi ikapatikana ya kutosha ndo akakanyaga mafuta mfululizo akalingana spidi na wenzie. Maana hatari ya sehemu za kuungia ni hiyo, magari yamebanana halafu we unaingia na 20 mwenzio anakuja na 80, na mvua ikinyesha breki zinachelewa kushika. Kosta niliyopandaga mwanzo ilichomekea hapohapo, lori likapiga honi ndefu, mama jirani yangu akamkumbatia mwanae. Sirudi kule.