Daftari la kuchorea lililoota manyoya kwenye mdomo wa sufuria

Sufuria ya alumini iliyochakaa, yenye kibonyeo ubavuni na masizi kitakoni, ni kitu kizuri mno kuchora, ila inadai karatasi ya maana. Mdomo wake ni duaradufu, na mkunjo wa kitako lazima uwe wa mviringo zaidi kuliko wa mdomo, maana kitako kiko chini zaidi ya usawa wa jicho. Ukiipa duaradufu ncha kali pande mbili, sufuria inageuka mtumbwi. Kivuli hujengwa kwa tabaka: penseli ya HB, 2B, kisha 4B, kila moja laini na nyeusi kuliko iliyotangulia, kila mara ukigeuza mwelekeo wa mistari. Ule mng'ao mwembamba wa mdomo hauchorwi kabisa. Ni weupe wa karatasi ulioachwa.

Sasa daftari hili, lililoandikwa jaladani gramu 160 (uzito wa karatasi kwa mita ya mraba) kwa herufi kubwa, liliota manyoya kwenye tabaka la pili tu. Unene si tatizo. Tatizo ni nyuzi za karatasi ambazo hazikushikana vizuri, kwa hiyo raba ikipita zinasimama, penseli ikirudi inanasa humo na kuacha madoa meusi yasiyofutika. Yangu yalitokea palepale kwenye mng'ao.

Nililirudisha dukani. Muuzaji akautazama ukurasa, akasema, "Sufuria tu hii, kaka. Ungechora hata kwenye daftari la hesabu."

Sufuria tu! Mchoraji Giorgio Morandi wa Bologna, Italia, alirudia kuchora chupa, mitungi na mabakuli yaleyale kwa miongo mingi, na leo picha zake zinatundikwa kwenye majumba ya makumbusho. Mtu anayeuza penseli hapaswi kudharau kinachochorwa nazo.

Nyota moja, basi. Lakini haki lazima isemwe: kwa peni nyeusi ya kawaida, ile ya wanafunzi, karatasi hiyohiyo ni tamu. Wino haupenyi upande wa pili wala hausambai. Mbuzi ya kukunia nazi ilitoka safi sana, hasa ule ulimi wa chuma. Siri ni kutochora meno yenyewe. Unachora nafasi zilizo kati yake, kila moja na kivuli upande mmoja, na meno yanajitokeza yenyewe, makali kabisa.

Nyota tatu. Hapana, mbili, kwa sababu jalada linasema "kwa penseli" na nililipia karatasi ya penseli.

Ukikutana nalo, omba kufungua ukurasa wa mwisho, sugua kona kwa raba mara kumi, kisha liinamishe kwenye mwanga. Ukiona manyoya, mrudishie muuzaji.